Kuhamisha Mimea ya Kudumu Ikiwa Imelala Wakati wa Baridi

Mmea wa kudumu uliopukutisha majani wakati wa baridi hufanana na kijiti kikavu, na ikiwa ni wa aina ambayo mashina yake hufa hadi usawa wa ardhi kila mwaka, basi hauonekani kabisa. Tumezoea kusema kwamba umelala, na usemi huo ni kweli kwa upande wa juu tu. Matumba yamefumba, na kwa kuwa hakuna majani ya kupoteza maji hewani, mahitaji yake ya maji ni madogo mno. Chini ya ardhi, hata hivyo, mizizi ya mimea mingi huendelea kukua taratibu maadamu joto la udongo halijashuka chini ya nyuzi 4 au 5 za Selsiasi. Faida ya kuhamisha mmea katika kipindi hiki inatokana na tofauti hiyo: mmea uliokatwa mizizi hupata majuma kadhaa ya kuotesha mingine kabla majani hayajachanua na kuanza kudai maji.

Muda unaofaa huanza majani yanapokwisha kupukutika na hukoma matumba yanapoanza kuvimba. Katika nchi zilizo mbali kaskazini mwa ikweta muda huo kwa kawaida ni kati ya Novemba na mwanzoni mwa Machi, na katika zile za kusini ni kati ya Juni na Agosti. Mwanzo wa kipindi ni bora kuliko mwisho wake, kwa sababu udongo bado umehifadhi joto la kiangazi. Hata hivyo, siku yenyewe ya kazi haiamuliwi na kalenda bali na hali ya udongo. Chukua konzi moja ya udongo uufinye: ukichuruzika maji au ukigandamana kama udongo wa mfinyanzi, ahirisha kazi, kwa maana kukanyaga na kuchimba udongo uliolowa hivyo huziba nafasi za hewa ambazo mizizi mipya inazihitaji. Udongo ulioganda hadi sepeto haipenyi nao haufai. Ukoko mwembamba wa jalidi unaoyeyuka kabla ya adhuhuri si kizuizi, lakini usiyafukie mabonge yake shimoni, kwa kuwa huchelewa kuyeyuka na huacha mianya mizizi inapopaswa kugusana na udongo.

Si kila mmea unaokubali kuhamishwa wakati huu. Hosta, astilbe, floksi, waridi, hidranja na vichaka vingi vinavyopukutisha majani huhimili vizuri. Vichaka visivyopukutisha majani ni habari nyingine, kwa sababu majani yake huendelea kupoteza maji katika upepo mkavu wa baridi ilhali mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuyarudisha. Hivyo ni heri vihamishwe mapema, kabla baridi haijakaza, au vingojee hadi udongo uanze kupata joto. Magnolia ina mizizi minene yenye nyama ambayo huoza kwa urahisi ikikatwa udongo ukiwa baridi, na lavenda haistahimili kukaa na mizizi iliyokatwa katika udongo wa baridi wenye majimaji. Nyasi za mapambo zinazokua wakati wa joto nazo ziachwe hadi zianze kuchipua. Lupini na mimea mingine yenye mzizi mkuu mmoja unaozama chini sana huchukia kuhamishwa katika majira yoyote, na kwa maoni yangu ni afadhali kupanda miche mipya kuliko kuhangaika na mmea wa zamani.

Maandalizi ya kweli huanza miezi kadhaa kabla, mimea ikiwa bado na majani. Simika kigingi kando ya kila mmea utakaohamishwa na uandike jina lake kwa wino usiofutika, la sivyo utajikuta katikati ya baridi ukipasua kitovu (mahali mashina na mizizi inapokutana) cha mmea usiokusudia kuugusa. Kichaka kikubwa kilichokaa mahali pamoja miaka mingi kinastahili maandalizi marefu zaidi: mwaka mmoja kabla, chimba mtaro mwembamba kukizunguka, ukate mizizi iliyotoka nje ya duara hilo, kisha urudishe udongo. Kichaka kitaotesha mizizi midogo mingi ndani ya duara, na hiyo ndiyo utakayoondoka nayo siku ya kuhama.

Siku yenyewe, chimba kwanza shimo la makao mapya. Wengi hufanya kinyume, na matokeo yake mmea hulazwa juani au kwenye upepo huku mwenyewe akipambana na mawe. Mizizi midogo kama nywele, ambayo ndiyo inayonyonya maji, hukauka ndani ya dakika chache ikiachwa wazi penye upepo, na mmea hufa kwa kosa hilo mara nyingi zaidi kuliko kwa baridi yenyewe. Upana wa shimo uwe mara mbili ya bonge la udongo na mizizi litakaloingia, na kina kiwe sawa na urefu wa bonge, kisizidi, kwa kuwa udongo uliotifuliwa chini ya mmea hutitia baadaye na kuuzamisha. Usipande waridi mahali palipong'olewa waridi jingine. Ardhi hiyo huwa na uchovu ambao huudumaza mmea mpya, na tiba yake ni kuondoa udongo wote wa shimo na kuleta mwingine.

Kwa mimea ambayo mashina yake hufa kila mwaka, tumia uma wa bustani badala ya sepeto. Uchomeke kwa kuzunguka, umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye kitovu, ukiinua kidogo kidogo kila upande hadi kishina kizima, yaani fungu la matumba na mizizi yake, kilegee. Ukiona kimejaa sana, hii ni fursa ya kukigawa kwa kisu kikali, ila vipande viwe vikubwa, kila kimoja kikiwa na matumba 3 hadi 5 na mizizi ya kutosha. Vipande vidogo huoza katika udongo wa baridi, kwa hiyo anayetaka kupata miche mingi angoje majira ya kuchipua.

Kichaka kinahitaji nguvu na hesabu. Kipimo kinachofuatwa na wengi ni kwamba upana wa bonge uwe mara 10 hadi 12 ya kipenyo cha shina: shina la sentimita 5 linahitaji bonge la sentimita 50 hadi 60. Kabla ya kuanza, tafakari uzito wake. Bonge la upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 40 lenye udongo mbichi linaweza kufika kilo 150 au zaidi, mzigo ambao mtu mmoja hawezi kuuinua bila kujiumiza mgongo. Kata mizizi minene kwa msumeno au mkasi mkali, usiichane kwa sepeto. Kisha pitisha gunia au turubai chini ya bonge, ulifunge, na uliburute badala ya kulibeba. Kamwe usiliinue kwa kushika shina, kwani udongo utaporomoka na kwenda na mizizi midogo uliyoihangaikia.

Ukitia mmea shimoni, tafuta alama ya udongo kwenye shina na uhakikishe kwamba imelingana na usawa wa ardhi mpya. Peoni ndiyo isiyosamehe kosa la kina: matumba yake yakifukiwa zaidi ya sentimita 5, mmea utatoa majani mazuri mwaka baada ya mwaka bila ua hata moja. Rudisha udongo uleule uliotoka shimoni, uusukume kwa vidole katikati ya mizizi, na uukandamize kwa mguu bila kuushindilia. Usitie mbolea ya chumvichumvi, maana mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuitumia na huweza kuungua. Halafu mwagilia, hata kama ni siku ya baridi na wingu limetanda, kwa kuwa kazi ya maji haya si kunywesha tu bali ni kuuvuta udongo uzibe mianya inayozunguka mizizi. Malizia na matandazo ya mboji au majani makavu yenye unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiyaweka mbali kidogo na shina ili lisioze.

Upo ushauri wa zamani wa kukata nusu ya matawi ili yalingane na mizizi iliyopungua. Mimi siufuati. Matumba yaliyo kwenye ncha za matawi hutoa homoni zinazochochea mizizi kuota, kwa hiyo anayeyakata anaunyima mmea msaada anaouhitaji. Ondoa matawi yaliyovunjika, yaliyokufa au yanayosuguana, basi.

Ikitokea kwamba baridi imekaza ghafla na shimo halichimbiki, mmea uliokwisha kung'olewa unaweza kusubiri. Ulaze kwa mshazari ndani ya mtaro mahali pasipo na upepo, ufunike mizizi yote kwa udongo wenye unyevu, na utakaa hivyo majuma kadhaa bila madhara.

Katika majira ya baridi yanayobaki, pita bustanini kila baada ya jalidi kali. Udongo ukiganda na kuyeyuka kwa kupokezana huisukuma juu mimea iliyopandwa karibuni, na mara nyingine vishina vidogo hukutwa vimelala juu ya ardhi na mizizi nje. Virudishe mara moja kwa kuvikandamiza. Kichaka kirefu kifungwe kwenye nguzo, kwa kuwa upepo unaokitikisa huikata mizizi mipya kila inapoanza kushika. Kiangazi cha kwanza ndicho kitakachohitaji maji mengi kuliko vyote, kwa umwagiliaji wa mara chache lakini wa kuzama, si wa kunyunyiza juu juu kila siku.

Baadhi ya mimea itachelewa kuamka, na hosta ni miongoni mwa ya mwisho kuchomoza. Kwenye kichaka, kwaruza gome kidogo kwa ukucha: rangi ya kijani chini yake ni dalili ya uhai. Kwa mmea uliojificha ardhini hakuna kipimo kama hicho, na anayefukua ili atazame huvunja kwa mkono wake machipukizi yaliyokuwa yamebakiza sentimita mbili kufika juu.