Kabla hujaanza kuvaa banzi la mkono kwa ajili ya baridi yabisi

Nimeshona nguo za watu kwa miaka 19, na 7 ya mwisho nimeshona nikiwa na baridi yabisi mikononi. Kabatini nina mabanzi matano, yaani vifaa vya kufungia mkono ili kiungo kitulie. Ninayoyavaa ni mawili tu. Matatu yaliyobaki ni fedha iliyopotea kwa kutojua mambo ambayo mtu angeweza kuniambia kwa dakika kumi. Basi nayasema hapa.

La kwanza, hakikisha ni baridi yabisi kweli. Huku kwetu kila kiungo kinachouma tunakiita baridi yabisi, hata mtu aliyelala vibaya. Ninayoisema mimi ni ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando laini ulio ndani ya maungio. Hushika mikono yote miwili, hupenda vifundo vya mikono na maungio ya mizizi na katikati ya vidole, na asubuhi mikono inakakamaa saa nzima au zaidi. Maji ya friji hayaileti. Gauti ni ugonjwa mwingine, kuchakaa kwa viungo ni mwingine, na kila mmoja una namna yake ya kufungwa banzi. Kapimwe damu, upigwe eksirei ya mikono, halafu ndiyo uzungumzie banzi.

La pili, banzi si dawa. Kinachozuia ugonjwa usile mfupa ni vidonge au sindano. Banzi linapumzisha kiungo na kutuliza maumivu, basi. Atakayekuambia kwamba ukilivaa vidole havitapinda kamwe anakuahidi kitu ambacho hakijathibitishwa. Namjua mama mmoja aliyeacha methotreksati, dawa ya ugonjwa huu, kwa sababu banzi lilimpa usingizi mzuri. Baada ya mwaka vidole vyake vilikuwa vimelala vyote upande wa kidole cha mwisho, na sasa hawezi kufunga kifungo cha blauzi. Na kwa kuwa nimeitaja dawa hiyo: kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki, siku ile ile uliyoandikiwa. Si kila siku. Kuimeza kila siku kumeshaua watu.

La tatu, jua unataka banzi la kazi gani. La usiku ni la plastiki ngumu, linashika kifundo, kiganja na vidole vyote, mkono ukiwa umeinuka kidogo nyuma na vidole vimekunjika kidogo kama umeshika chungwa. La mchana ni la kitambaa lenye chuma chembamba ndani, linashika kifundo tu, vidole viko huru. Ukinunua la dukani angalia liishie chini ya ule mstari wa kiganja unaojikunja ukifumba ngumi. Likiupita, hutashika mkasi wala mwiko. Angalia pia la kulia na la kushoto, maana nimeshauziwa la kushoto kwa mkono wa kulia na muuzaji akasisitiza ni yale yale. Kuna pia vipete vya umbo la nane kwa kidole kinachojikunja kinyumenyume kama shingo ya bata. Hivyo vidogo, lakini kwa mshonaji vina thamani kuliko vyote.

Sasa la nne, na hapa naomba usome taratibu.

Banzi langu la kwanza la usiku nilitengenezewa na mtaalamu wa tiba kwa vitendo (kwa Kiingereza occupational therapist) kwenye hospitali moja. Wataalamu hawa ndio wenye kazi yenyewe, usipoteze muda kutafuta kwingine. Hospitali ya KCMC kule Moshi wamekuwa wakiwafundisha kwa miaka mingi. Nilifika saa nane mchana. Siku hiyo nilikuwa nimemeza dawa ya maumivu, nimetembea, mikono imechangamka. Bamba la plastiki likalainishwa kwenye maji ya moto, likalazwa juu ya mkono wangu, na ndani ya dakika chache likapoa na kushika umbo. Lilinikaa sawasawa, kama gauni lililoshonwa na fundi anayejua kazi. Nikashukuru, nikaondoka.

Sikujua, wala sikuulizwa, kwamba mkono wangu wa saa nane mchana si mkono wangu wa saa kumi alfajiri. Ugonjwa huu huvimbisha usiku. Kitu kilichokaa sawasawa mchana, alfajiri kinakuwa pingu.

Usiku wa kwanza niliamka vidole vina ganzi. Nikasema ndiyo kuzoea. Usiku wa tatu mkono uliuma sana, nikadhani banzi halishiki vizuri, nikaukaza mkanda wa kifundo. Mume wangu akaniambia, "Mama Salma, vua hilo dude ulale." Nikamjibu kwamba dawa lazima iume. Siku ya nane, nikiwa naoga, nikaona pale kwenye mfupa uliochomoza upande wa kidole cha mwisho pameiva zambarau, na katikati ngozi imechanika.

Mtu anayetumia dawa za kushusha kinga hana kidonda kidogo. Kile kilitunga usaha. Daktari akasimamisha dawa yangu ya kila wiki mpaka kidonda kitulie, na ugonjwa ukapata mwanya: magoti yakavimba, mabega yakashika, nikawa nanyanyuliwa kitandani na binti yangu. Wiki sita sikugusa cherehani. Ilikuwa kabla ya Idi. Vitambaa vya wateja 14 nilivirudisha kwa mkono huo huo uliofungwa bendeji, na watano kati yao hawajarudi kwangu mpaka leo.

Kwa hiyo: nenda kupimwa asubuhi na mapema, mkono ukiwa katika ubaya wake. Kama huwezi kufika asubuhi, piga picha mkono wako alfajiri, ukamwonyeshe mtaalamu. Bora zaidi, zungusha tepu ya kupimia kwenye kifundo unapoamka na tena mchana, uandike. Kwangu tofauti ni sentimita moja na nusu. Fundi yeyote wa nguo anajua sentimita moja na nusu ni nini. Omba plastiki ipanuliwe juu ya ule mfupa uliochomoza, na popote penye vinundu. Omba mikanda mipana, na ukishaifunga kidole chako kimoja kipite chini yake bila kulazimisha.

Usianze na usiku mzima. Anza na saa moja mchana ukiwa macho, vua, angalia ngozi. Alama ikikaa zaidi ya nusu saa bila kufutika, usilivae tena hadi lirekebishwe. Vipeperushi vingi vinasema tazama wekundu; sisi wenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usiuone, kwa hiyo gusa: panapopata joto, panapouma ukibonyeza, panapokuwa pagumu au peusi kuliko jirani yake, hapo ndipo pabaya. Ganzi nayo si kuzoea. Ganzi ni mshipa wa fahamu unabanwa. Vua hata kama ni saa tisa usiku.

Pete vua kabla. Jasho la huku pwani ni adui, kwa hiyo vaa soksi ya pamba chini ya banzi, kata ncha yake na toboa tundu la gumba. Kuwa na soksi mbili, moja ukiivaa nyingine iwe kwenye kamba ya nguo.

Chandarua: ile velkro ya mikanda hukamata nyavu na kuzitatua. Nilipoteza vyandarua viwili kabla sijajifunza kukunja mikanda vizuri na kufunika mkono kwa kipande cha kanga. Na velkro ikijaa nyuzi haishiki tena. Isafishe kwa mswaki wa zamani.

Plastiki iliyolainika kwa moto italainika tena kwa moto. Usiiache kwenye dashibodi ya gari, wala chini ya bati mchana wa jua, wala karibu na jiko. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ikilegea au ikibana usijaribu kuipasha mwenyewe. La pili katika yale matatu ya kabatini liliharibika hivyo.

Mkono unaofungwa tu hugeuka gogo. Ukivua, fumba na fumbua vidole, zungusha kifundo, gusisha gumba kwa kila kidole, kila siku, hata kwenye maji ya uvuguvugu kama unauma. La mchana livae wakati wa kazi nzito, kusonga ugali, kubeba ndoo, kukata kitambaa kinene, kisha livue. Kwa anayeswali, lile la chuma halifai kusujudu ukiwa umelivaa. Livue wakati wa udhu, na ukisujudu usiukandamize mkono unaouma.

Usiendeshe gari na banzi gumu. Bodaboda ndiyo kabisa, breki itakushinda.

Mwonyeshe mtaalamu banzi lako kila baada ya miezi michache, maana mkono wa baridi yabisi hubadilika na plastiki haibadiliki. Ukipungua mwili, rudi. Dawa mpya ikishusha uvimbe, rudi pia, litakuwa pana. Siku kidole kikianguka ghafla, hasa cha mwisho au cha pete, ukataka kukiinua kisiinuke, usingoje kliniki ya mwezi ujao wala usikifunge banzi ukidhani kitapona: huenda kano imekatika, na hiyo ni ya kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Na usimwazime mtu banzi lako, hata dada yako mwenye ugonjwa ule ule. Wangu aliniomba. Nilimpeleka kupimwa lake, saa moja asubuhi.