Kutoa chogo na kufunga flati kwenye kabati la Pac-Man

Kabati langu la Pac-Man, mashine ya gemu ya kusimama, lina kioo cha chogo cha inchi 19 kilichoungua hadi njia za gemu zinaonekana umeme ukiwa umezimwa. Nikaamua kuweka flati.

Chomoa plagi, halafu bado usiamini. Bomba la kioo hutunza chaji ya maelfu ya volti. Funga waya kwenye chuma cha bisibisi bapa yenye mpini mzima wa plastiki. Ncha ya pili ibane kwenye waya wa kusuka unaopita mgongoni mwa bomba. Mkono mmoja mfukoni, wa pili upenyeze bisibisi chini ya kofia ya mpira iliyo juu ya bomba, pale waya mnene unapoingia. Ukisikia "ta!", ndiyo hiyo. Subiri dakika kumi, rudia. Shingo ya nyuma usiiguse kabisa, ni nyembamba kama ya chupa ya marashi.

Tafuta flati ya zamani, ile ya karibu mraba. Hizi pana zitakuachia mapengo. Ivue kitako, utaona matundu manne yaliyoachana milimita 100. Kata plaiwudi ya milimita 18, ifunge kwa skrubu za M4 (unene wa milimita 4) zenye urefu wa milimita 25. Mimi nilitumia za 40, zikatoboa ndani. Nikanunua flati nyingine, na mke wangu hajaambiwa bei.

Isimamishe wima, Pac-Man ndivyo alivyo. Kabla ya kukaza, ichungulie ukiwa umesimama: nyingine rangi hugeuka ukiitazama upande.

Bodi ya gemu hutoa mawimbi ya picha ya kilohezi 15, flati nyingi zinataka 31, kwa hiyo weka kibadilishi cha mawimbi katikati.