Jinsi ya kuchagua filta ya GND kwa picha za mandhari ya pwani

Ukisimama ufukwe wa Paje au Jambiani, mashariki mwa Unguja, jua linachomoza baharini mbele ya macho yako na kamera inashindwa kubeba vyote: ama anga inaungua ikawa nyeupe tupu, ama mchanga na ngalawa vinazama gizani. Filta ya GND (graduated neutral density), kipande cha kioo au plastiki kinachokaa mbele ya lenzi, ina giza nusu ya juu na ni angavu nusu ya chini, kwa hiyo inapunguza mwanga wa anga peke yake. Zipo za kila aina, na bei si ya mchezo. Fuata hatua hizi kabla hujatoa pesa.

Hatua ya 1: Pima tofauti ya mwanga

Weka kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe), ISO 100, f/11, na uchague upimaji wa doa (spot), unaopima mwanga wa sehemu ndogo tu ya picha. Lenga mchanga au ngalawa iliyo mbele yako na utafute kasi ya shata inayofaa, tuseme 1/15. Sasa lenga anga, pembeni mwa jua na si jua lenyewe, tuseme 1/250. Hesabu: 1/15, 1/30, 1/60, 1/125, 1/250. Hizo ni stopu nne, yaani mwanga umeongezeka maradufu mara nne.

Usizifute zote. Macho yetu yamezoea anga yenye mwanga kuliko ardhi, kwa hiyo bakiza stopu moja na utumie filta ya stopu tatu. Maji yakishakupwa, kuwa mwangalifu zaidi. Madimbwi yanayobaki mchangani huakisi anga, na taswira ile huwa na giza kidogo kuliko anga yenyewe. Ukiweka filta kali mno, dimbwi linang'aa kuliko anga, na mtu akiitazama picha atahisi kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja. Penye maji mengi, afadhali filta ipungue nguvu kuliko izidi.

Hatua ya 2: Soma namba

Namba ya filta inaonyesha nguvu yake: 0.3 ni stopu moja, 0.6 mbili, 0.9 tatu, 1.2 nne. Ya 0.3 usiinunue, kiasi hicho faili la RAW (picha ghafi ya kamera) linakirekebisha kwenye kompyuta bila taabu.

Hatua ya 3: Chagua mpaka

Mpaka ni pale giza la filta linapokutana na sehemu angavu: mkali hukatika ghafla, laini hufifia polepole. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanaangalia namba tu. Mpaka mkali unafaa pale bahari inapokutana na anga kwa mstari mnyoofu usio na kitu juu yake. Ukiwa na minazi au tanga la jahazi linalopanda juu ya mstari huo, mpaka mkali utalikata: nusu ya chini ina rangi yake, nusu ya juu nyeusi. Hapo chukua mpaka laini, na vivyo hivyo kwa milima kama ya Usambara.

Lenzi nayo ina usemi. Kwa lenzi pana ya 16mm mpaka unaonekana wazi. Kwa lenzi ndefu ya 200mm unatawanyika. Ukiivuta Kilimanjaro kutoka Amboseli kwa lenzi ndefu, filta yenye mpaka laini itatia giza karibu picha nzima, na ile yenye mpaka mkali ndiyo itakayofanya kazi.

Ipo pia filta ya kinyume, ambayo giza lake zito liko katikati na kufifia kuelekea juu. Ni nzuri sana kwa dakika zile jua likiwa limegusa bahari, lakini nje ya dakika hizo haina kazi kubwa.

Hatua ya 4: Ukubwa na umbo

Chukua ya mstatili, milimita 100 kwa 150, pamoja na kishikio chake, ili uweze kuishusha na kuipandisha. Ya duara ya kufungia kwenye lenzi inakulazimisha kuweka upeo wa macho katikati ya picha kila mara.

Hatua ya 5: Jaribu dukani

Piga karatasi nyeupe bila filta, kisha ukiwa nayo, bila kubadili mpangilio wa rangi. Sehemu yenye giza ikigeuka zambarau, iache. Ya plastiki huchubuka upesi lakini hustahimili kuanguka. Ya kioo ni kinyume chake.

Kama fedha inatosha moja tu, nunua 0.9 yenye mpaka laini. Ya pili iwe 0.6 yenye mpaka mkali, kwa ajili ya bahari tupu.