Fedha Iliyotoka Benki Isifike Kwenye Simu: Namna ya Kuifuatilia

Anayehamisha fedha kutoka kwenye akaunti ya benki kwenda kwenye simu, kisha akakutana na maneno "Muamala haujafanikiwa", au akabaki anakodolea kioo kisichosema lolote, mara nyingi huanza kwa kurudia muamala, na hapo ndipo matatizo yanapozaliwa. Kabla ya kubonyeza tena, anapaswa kujua fedha yake iko wapi kwa wakati ule. Huenda haijatoka benki kabisa, huenda imetoka na imekwama njiani, na huenda imeshafika ila taarifa ya kufika ndiyo iliyochelewa. Kila hali kati ya hizo ina dawa yake, na dawa ya moja huweza kuwa hasara katika nyingine.

Somo hili nililipata kwa gharama. Nilikuwa namtumia fundi shilingi 280,000 za mabati. Nikafungua menyu ya benki kwa nyota na reli (* na #), nikaweka namba ya siri, na kabla ya jibu kutokea menyu ikakatika, kioo kikarudi kwenye tarakimu za kupigia kana kwamba sikuwa nimefanya kitu. Nikarudia. Baada ya kama robo saa ziliingia meseji mbili zikifuatana, kila moja na kumbukumbu namba yake, na muda si mrefu fundi akanipigia kunishukuru kwa kumtangulizia na fedha ya mbao. Sikuwa na wa kumlaumu, kwani benki ilitekeleza maagizo mawili niliyoyatoa mimi mwenyewe.

Sababu yake ni kwamba menyu ya nyota na reli hukaa wazi kwa muda mfupi tu, na ikikatika baada ya namba ya siri kupokelewa, agizo huendelea na safari yake bila kukusubiri. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kufungua taarifa fupi ya akaunti, si kuangalia salio peke yake. Salio ni jumla tu, na linaweza kuwa limeguswa na makato mengine ambayo huyakumbuki. Taarifa fupi huonyesha kila kilichoingia na kilichotoka. Ukiona kiasi kilekile kimetoka kisha kimerudi, muamala umeshindikana kweli na unaweza kuurudia. Ukiona kimetoka bila kurudi, usirudie.

Tuanze na fedha ambayo haijatoka benki, kwa sababu hapo tiba huwa mikononi mwa mteja mwenyewe. Ujumbe wa salio kutotosha huwashangaza wengi wanaojua kabisa kwamba kiasi wanachotuma kipo. Wanasahau kuwa ada na kodi hukatwa juu ya kiasi hicho, na kwamba akaunti nyingine zina kiwango cha chini kisichoruhusiwa kuguswa. Kipo pia kikomo cha siku, upande wa benki na upande wa mtandao wa simu wa anayepokea, kwa hiyo inawezekana wewe hujafikia kikomo chako lakini mpokeaji, aliyeuza dukani tangu asubuhi, ameshajaza chake. Namba ya siri ikikosewa mara kadhaa, huduma hufungwa, na kuendelea kubahatisha hakusaidii.

Wenye simu ya laini mbili wanayo kasoro yao. Benki huitambua laini iliyosajiliwa kwenye huduma, si simu yenyewe, na ukipiga menyu kwa laini ya pili utaambiwa hujasajiliwa ingawa jana tu ulituma fedha kwa simu hiyohiyo. Vilevile, aliyepoteza laini na kuirudisha upya asishangae huduma ya benki ikigoma: baadhi ya benki huifunga kwa makusudi laini inapobadilishwa, ili mwizi aliyerudisha namba ya mtu kwa hila asifike kwenye akaunti. Kufunguliwa kwake huhitaji kufika tawini na kitambulisho, na ingawa ni usumbufu, mimi nauona ni usumbufu wenye faida.

Chanzo kinachosahaulika zaidi ni kuhama mtandao. Tangu mwaka 2017 mteja wa Tanzania anaweza kuhama kampuni ya simu bila kubadili namba, kwa hiyo tarakimu tatu za mwanzo hazithibitishi tena mtu yuko mtandao gani. Ukichagua M-Pesa ya Vodacom kwa sababu namba inaanza na 075, ilhali mwenyewe alishahamia Airtel, muamala unaweza kukataliwa na ukadhani benki ndiyo mbovu. Muulize mpokeaji fedha zake anazipokelea wapi, kisha usome kwa makini jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Jina lisipotokea, ishia hapo.

Fedha iliyotoka benki na isifike inahitaji subira yenye mpaka. Siku hizi miamala mingi kati ya benki na mitandao ya simu hupita katika mfumo wa Benki Kuu wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, na inapokwama, mara nyingi ni kwamba upande mmoja umetoa fedha na upande wa pili haujajibu. Mifumo ikishalinganisha hesabu, fedha hufika au hurudi yenyewe. Tofauti na hiyo ni fedha inayotoka benki moja kwenda nyingine kwa njia ya TISS, mfumo ulioanza mwaka 2004 na ambao ndio njia ya kawaida ya viwango vikubwa: kwa njia hiyo benki inaweza kufuata saa zake za kazi, kwa hiyo agizo la Ijumaa jioni kutoonekana Jumamosi si lazima iwe hitilafu. Kabla ya kulalamika, hakikisha ni njia ipi uliyochagua.

Saa zikipita na fedha haijarudi, anza na upande ulikotoka. Fedha iliyotoka benki hufuatiliwa benki, na iliyotoka kwenye simu hufuatiliwa kwa kupiga 100 kwa mtandao wako. Kinyume cha hapo utazungushwa, kwa kuwa mtandao wa simu hauwezi kuona muamala ambao haujawafikia. Uwe na tarehe, saa, kiasi, akaunti iliyokatwa, namba iliyokusudiwa na, zaidi ya yote, kumbukumbu namba. Usiifute meseji hata kama inakuudhi. Omba namba ya lalamiko na uiandike pamoja na jina la aliyekuhudumia, maana anayepiga mara ya pili bila namba hiyo husimulia upya kana kwamba hajawahi kupiga.

Fedha ikienda kwa mtu mwingine kwa kukosea tarakimu, suala si la mfumo tena, ni la muda. Toa taarifa kwa mtoa huduma kwanza, ili kiasi hicho kizuiwe kikiwa bado kipo, ndipo umpigie aliyepokea ukipenda. Wengi hufanya kinyume: humpigia, humbembeleza, na wakati wanabembeleza, mwenzao yuko njiani kwa wakala. Mitandao mingine ina sehemu ya kurudisha muamala ndani ya menyu yake, na kwa wateja wa M-Pesa wa Kenya meseji ya muamala hutumwa kwenda 456.

Tahadhari moja kuhusu kulalamika hadharani. Ukiandika mtandaoni kwamba muamala wako umekwama, anaweza kukufuata mtu mwenye nembo ya benki yako na lugha ya upole, akikuomba namba ya siri au tarakimu ulizotumiwa ili "akurudishie" fedha. Mhudumu wa kweli hahitaji namba yako ya siri kwa lolote. Kwa Tanzania, namba za matapeli wa namna hiyo hutumwa kwenda 15040.

Mtoa huduma akikujibu kwa namna isiyoridhisha, au asipojibu, andika barua yenye namba ya lalamiko, uambatishe taarifa ya akaunti na meseji za muamala, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Benki Kuu ya Tanzania ina dawati linaloshughulikia malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, lakini swali la kwanza utakaloulizwa pale ni iwapo ulianzia kwa mtoa huduma wako, na nakala hiyo ndiyo jibu.