Umedhulumiwa? Zaburi za kuomba hukumu zisome hivi

Mwaka juzi mshirika wangu kaiuza mashine ya boti tuliyonunua wawili, kavuka zake Tanga na pesa, mie sina hili wala lile. Jirani yangu, bibi mmoja, akanambia mwanangu kasomeshe halbadiri, ile dua ya Waislamu ya kumwapiza aliyekudhulumu, utaona. Nikamwambia bibi, na sie wa kanisani tunazo za kwetu kwenye Zaburi, akacheka sana. Ila kweli zipo, tatizo wengi tunaziruka au tunazisoma kwa hasira tu.

Kwanza usikurupukie ya 109. Anza na ya 7, sababu mle mwenye zaburi anajiapiza mwenyewe kwanza, kama nimemlipa mwenzangu mabaya basi adui anikanyage hadi mavumbini. Isome kwa sauti hiyo sehemu, ukikwama hapo funga kitabu ukalale. Ukipita utamkuta yule aliyechimba shimo akatumbukia mwenyewe, si ndo mchimba kisima wetu huyo.

Afu nenda ya 10, na kama uko mjini Unguja kaisomee Mkunazini, lile kanisa limejengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873. Mstari wa 9 unamsema mtu anayemvizia mnyonge mafichoni kama simba, akamkamata akamkokota wavuni mwake. Soma taratibu ukiwa pale, na ile "Ee Bwana, mbona wasimama mbali" ya mwanzo wa zaburi utaijua ni ya watu gani, maana hizi ni dua za mtu asiye na wakili wala mjomba serikalini.

Ya 58 ina ukali wake, meno yavunjwe mdomoni, watu wayeyuke kama konokono. Angalia lakini mwanzo anashtakiwa nani, ni wenye kuhukumu wanaopima dhulma kwa mikono yao, sio jirani aliyekukesheza na mziki, huyo kamgongee mlango tu.

Sasa 109. Watoto wawe yatima, mke awe mjane, inatisha. Wapo wataalamu wanaosema kuanzia mstari wa 6 hadi 19 ni maneno ya maadui wakimlaani mwenye zaburi, kwa vile ghafla anayesemwa anakuwa mtu mmoja wakati kabla walikuwa wengi. Wakatoliki 1971 waliiondoa kwenye sala zao za vipindi, pamoja na 58 na 83. Mie naona bora isomwe, kwani ukiitazama vizuri huyu bwana hashiki panga, kesi yote kaipeleka kwa Mungu na yeye kabaki na maneno yake tu.

Ya 37 nilimsomea yule bibi, mstari wa 29, wenye haki watairithi nchi. Kaniangalia, akanambia mbona hiyo tunayo, Suratul Anbiyaa aya ya 105, na Zaburi imetajwa humo kwa jina. Tukanywa chai.

Malizia na 139, na hapa ndo wengi wanakosea. Wanaishia mstari wa 22 pale anaposema nawachukia kwa chuki kamili, wanafunga. Ongeza miwili tu, Mungu nichunguze uone kama iko njia mbaya ndani yangu. Mie nilipofika hapo nikakumbuka yule kijana wa mafuta ya boti pale diko, tunapoegesha vyombo, nilikuwa sijamlipa tangu Ramadhani.