Kubandika dekali na kupiga vanishi kwenye modeli ya gari la mbio

Dekali za maji, yaani picha na nembo za utando mwembamba zinazoloweshwa ili ziachane na karatasi yake, ndizo zinazoipa modeli ya gari la mbio sura yake, na ndizo zinazoiharibu upesi kuliko kitu kingine chochote. Kosa linaloonekana zaidi ni ule weupe wa fedhafedha chini ya utando wa dekali: ukiinamisha modeli kwenye mwanga, kila nembo inazungukwa na kiraka kinachometameta. Chanzo chake ni hewa. Rangi isiyong'aa ina uso wa mikwaruzo na vilima vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Dekali inakaa juu ya vilele, hewa inabaki mabondeni na kuurudisha mwanga. Hewa ikishanaswa humo ni vigumu kuitoa yote, ndiyo maana kazi huanza kabla dekali haijaguswa na maji.

Tuchukue Toyota Celica Turbo 4WD ya rangi za Castrol, skeli ya 1:24, lile gari jeupe lenye kijani na nyekundu ambalo Juha Kankkunen alishinda nalo Safari Rally mwaka 1993, Toyota ikizoa nafasi zote nne za mwanzo. Lina kila aina ya ugumu: bodi nyeupe isiyoficha uchafu, vipande vikubwa vya rangi, madigadi yaliyovimba, na matundu ya hewa kwenye boneti.

Uso kwanza

Rangi ya laka iache angalau saa 24, enameli wiki nzima. Isogeze bodi puani. Ikiwa bado inanuka thina, haijakauka, hata kama kidole hakiachi alama. Kama nyeupe yako ni laini na inang'aa tayari, usiongeze kitu, maana unene usio na kazi unajaza mistari ya milango. Kama haing'ai, puliza mikono (tabaka) miwili myepesi ya vanishi ya kung'aa. Tamiya X-22 iliyochanganywa nusu kwa nusu na thina yake ya X-20A inatosha, kwa brashi ya hewa yenye presha ya bar 1 hadi 1.4 na sindano ya milimita 0.3. Epuka vanishi ya enameli juu ya bodi nyeupe, kwa sababu hugeuka manjano kadiri miaka inavyokwenda.

Kabla ya kubandika, pangusa bodi kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni ya kuoshea vyombo. Mafuta ya vidole huifanya dekali ing'oke pembeni.

Maji, wembe na muda

Maji yawe ya uvuguvugu na yasiwe na chumvi. Ya visima vingi vya pwani huacha madoa meupe yakikauka, na madoa hayo yakinaswa chini ya vanishi hayatoki tena. Maji ya chupa yanafaa, yaliyochujwa kabisa madini yanafaa zaidi.

Kata kila dekali peke yake kwa wembe mpya, ukifuata ukingo wa picha kwa karibu ili utando mtupu ubaki kidogo iwezekanavyo. Ikiwa karatasi ya dekali ni ya zamani, jaribu kwanza na nembo usiyoihitaji. Ikivunjika vipande majini, karatasi yote inahitaji mkono wa Liquid Decal Film ya Microscale, utando wa majimaji wa kuimarisha dekali, ikauke kwa siku moja ndipo ukate. Utando uliogeuka manjano unaweza kung'arishwa kwa kuibandika karatasi dirishani, ndani ya mfuko wa plastiki, jua liupige kwa siku kadhaa.

Ishike kwa kibano, itumbukize kwa sekunde 10 hadi 15, kisha iweke juu ya tishu iliyokunjwa. Usiiache ikielea bakulini mpaka ijitenge na karatasi yake, maana gundi yote itabaki majini na dekali haitakuwa na cha kuishikilia. Baada ya dakika moja hivi, isukume kidogo kwa brashi iliyolowa. Ikiteleza, iko tayari. Ikigoma, ipe nusu dakika nyingine, usiilazimishe.

Lowesha sehemu husika ya bodi kwa Micro Set, dawa ya kubandikia dekali yenye harufu ya siki. Inaondoa mafuta yaliyobaki na kuisaidia gundi kushika. Sogeza karatasi hadi mahali pake na uitelezeshe dekali kutoka hapo. Ukiiinua hewani kwa kibano itajikunja, na iliyojikunja yenyewe kwa yenyewe ni kazi kubwa kuikunjua. Ikishakaa sawa, viringisha kijiti cha pamba chenye unyevu kutoka katikati kwenda pembeni. Viringisha, usisugue. Maji yatoke yote, kwa kuwa tone litakalobaki leo litakuwa kiputo kesho.

Anza na vipande vikubwa vya rangi, kisha namba za milangoni, nembo ndogo mwisho. Ni dekali kubwa zinazoamua kama mistari ya ubavuni itakutana na ile ya mbele, na ndogo zinaweza kuficha milimita moja ya makosa.

Kulainisha kwenye mipindo

Hapa ndipo wengi wanapokosa subira. Dekali ikishaondolewa maji na kushika, kwa kawaida baada ya dakika 10 hadi 15, pakaza Micro Sol au Mr. Mark Softer kwa brashi laini, mpako mmoja mwembamba. Dawa hizi hulainisha utando mpaka uwe legevu na kufuata umbo lililo chini yake. Kwa dakika chache dekali inaweza kujikunja mikunjo ya kutisha. Usiiguse hata kidogo! Wakati huo haina nguvu yoyote, na kidole au brashi itaichana. Ikikauka itajinyoosha yenyewe mara nyingi, na kama haijanyooka vizuri, rudia mpako. Mitatu au minne kwa vipindi ni bora kuliko kuimwagia dawa nyingi kwa mara moja.

Kwenye digadi lililovimba, dawa peke yake huenda isitoshe, hasa kwa dekali nene. Chovya kijiti cha pamba katika maji ya moto, kikamue, halafu ubonyeze polepole ukivuta utando kuelekea ukingoni. Ikibaki ncha inayokataa kulala, ikate kwa wembe, pande mbili za mkato zipandiane kidogo, na paka rangi ya dekali panapoonekana nyeupe. Kwenye mstari wa mlango, subiri ikauke kabisa, pitisha wembe mpya katikati ya mstari, kisha weka tone la dawa ili kingo zizame ndani. Matundu ya boneti yanafanyiwa hivyo hivyo. Viputo vilivyobaki vitoboe kwa ncha ya sindano na uweke dawa juu yake.

Kumbuka pia kwamba nyeupe na njano za dekali mara nyingi hupitisha mwanga. Nembo nyeupe juu ya nyekundu itaonekana ya waridi, na suluhisho ni kubandika mbili za aina moja, moja juu ya nyingine, kama boksi la modeli limekuja na za ziada.

Vanishi ya juu

Acha dekali zikauke saa 24 hadi 48, kisha pangusa bodi yote kwa kitambaa chenye unyevu. Gundi iliyosambaa huacha madoa ya hudhurungi, na kwenye bodi nyeupe yanaonekana vibaya sana.

Laka ni ngumu na hung'aa vizuri, lakini viyeyusho vyake vina nguvu. Vanishi ya kopo kama Tamiya TS-13 ikimwagwa mbichi juu ya dekali inaweza kuikunja au kuiyeyusha. Kinga ni kuanza na ukungu: mikono miwili au mitatu mikavu kutoka sentimita 25, ukiacha dakika 15 hadi 20 kila mara. Ikishatanda, ndipo unapuliza mkono mbichi, yaani mzito unaolowesha uso, kutoka karibu zaidi. Kopo lenyewe lipashe moto katika maji ya nyuzi 40 hivi, kamwe si kwenye jiko. Mwanga wa dirisha ukiakisiwa juu ya paa kwa mstari ulionyooka, simama. Mkono wa ziada ndio unaotiririka.

Siku ya unyevunyevu mwingi, ambazo Mombasa na Dar es Salaam si haba, usipulize laka. Kiyeyusho kinapoondoka haraka uso unapoa, mvuke unagandamana juu yake, na vanishi inakuwa ya maziwa. Ikitokea, mkono mwembamba wa thina yenye dawa ya kuchelewesha kukauka mara nyingi huyeyusha weupe huo, ukipulizwa siku kavu.

Vanishi ya yurethani ya sehemu mbili, kama ile ya mafundi wa gereji, hutoa mng'ao mzito kuliko zote, lakini kigumishi chake kina isosayaneti, ambazo huharibu mapafu. Barakoa ya kitambaa haisaidii. Kwa anayepuliza ndani ya chumba kisicho na mfumo wa kutolea hewa, ushauri wetu ni aiache.

Ukingo wa dekali bado utaonekana kama ngazi ndogo. Baada ya wiki, sugua kwa msasa wa 2000 kisha 4000 pamoja na maji, ukikwepa kona na mikunjo ya bodi, maana pale vanishi ni nyembamba na msasa hufika kwenye rangi upesi. Puliza mkono mwingine mbichi, ngoja wiki nyingine, kisha pitisha polishi za Tamiya: Coarse, Fine, Finish, kila moja na kitambaa chake.

Anayetaka vumbi la Safari kwenye sehemu za chini apulize hapo vanishi isiyong'aa, kwa kuwa poda ya rangi inayoiga vumbi haishiki juu ya mng'ao. Poda ikishawekwa isifunikwe tena na vanishi: nyingi hupotea machoni ikiloa, na unalazimika kuanza upya.