Piga hodi kabla ya kumgusa asiyeona: mtekenyo, vidole, masikio na pua baada ya macho kuondoka

Kuna swali nasikia sana, eti mtu akipoteza macho anakuwa na mtekenyo zaidi? Maana unamgusa ubavuni kidogo tu anashtuka mwili mzima, mwingine anacheka, mwingine anakuja juu kabisa. Mimi nasema ngozi ni ileile na mbavu ni zilezile, kilichobadilika ni kwamba mguso unamfikia bila taarifa, wewe mkono ukija unauona toka mbali na mwili unajiandaa, yeye anaushtukia ushafika. Sasa huu mwongozo ni wa nyie mnaokaa na mtu aliyepoteza macho ukubwani. Mimi niko Kigoma mjini, mama mdogo wangu yuko Ujiji, presha ya macho ilimla taratibu mpaka yakaisha, na mengi ya humu ndo tunayofanya naye pale nyumbani.

Kwanza mtekenyo wenyewe, maana ukiuelewa huo mengine yanakuwa rahisi. Kuna aina mbili, na walioziandika hivyo ni Wamarekani G. Stanley Hall na Arthur Allin mwaka 1897. Kuna ule mwepesi, nzi anatembea shingoni au uzi wa khanga unakugusa mguu, huo hauchekeshi, unakera tu na unataka kujikuna, na unaweza kujifanyia mwenyewe kwa unyoya wa kuku. Halafu kuna ule mzito wa kwapani, mbavuni na nyayoni, unaokufanya ucheke mpaka machozi, huo kujifanyia mwenyewe huwezi, jaribu hapo ulipo uone. Mwaka 1998 kule London Sarah-Jayne Blakemore na wenzake walionesha kwa nini, ni kwamba ubongo ukituma mkono wako ukuguse unajua tayari mguso utatua wapi na saa ngapi, unaupunguza makali kabla haujafika. Wakafanya na jaribio la roboti, mtu anasukuma kitu kwa mkono mmoja na roboti inamgusa kiganja cha mkono wa pili kwa kufuata ule msukumo, ikifuata papo hapo hasikii kitu cha ajabu, ila wakiichelewesha hata kisehemu kidogo cha sekunde anaanza kusikia anatekenywa. Yani ubongo ukikosea saa tu, mtekenyo unaongezeka.

Hapo ndo utaona tatizo la mama mdogo liko wapi, amekosa taarifa, na taarifa unaweza kumpa kwa njia nyingine.

Njia ya kwanza ni mdomo. Kwetu hata mlango ukiwa wazi mtu hapigi hatua ndani bila hodi, na mwili wa mtu ni nyumba yake, kwa hiyo hodi inatangulia. Unasema "Shikamoo mama mdogo, ni mimi, nakushika mkono wa kulia nikupe kikombe", unasubiri marahaba yake au "haya", ndo unagusa. Taja jina au hakikisha anaijua sauti yako, taja sehemu utakayogusa, na taja unagusa kwa ajili ya nini. Ukimaliza sema umemaliza, na ukiondoka aga, asije akabaki anaongea na kiti.

Njia ya pili ni namna ya kugusa. Tumia kiganja kizima, weka kwa utulivu lakini imara, anzia mgongo wa mkono au mkono wa juu karibu na bega. Ncha za vidole zinazopapasa papasa ndo zinaleta ule mtekenyo mwepesi, na mtu asiyeona hawezi kuangalia kama ni kidole chako, ni mbu au ni buibui, kwa hiyo atapiga kofi kwanza maswali baadaye. Usilaumu ukilipata wewe.

Njia ya tatu naipenda kuliko zote na ni ya bure. Kama unamwogesha, unamchua kwa mafuta, unamsafisha kidonda au unampima nguo, mwambie aweke mkono wake juu ya mkono wako muende pamoja. Madaktari wanaitumia kwa mgonjwa mwenye mtekenyo wa tumbo, wanamwambia aweke mkono wake pale wanapobonyeza na tumbo linalegea. Ni ileile hesabu ya London, mkono wake ukihusika ubongo wake unajua kinachokuja. Fundi wa nguo wa mama mdogo kafundishwa hivyo na sasa kipimo cha kiuno kinachukuliwa bila vurugu.

Kutembea naye sasa, hapa watu wanaharibu sana. Usimshike kiunoni ukamsukuma mbele, kiuno na mbavu ndo mahali penyewe pa mtekenyo, unamshtua na bado hajui anapelekwa wapi. Yeye ndo akushike wewe, juu kidogo ya kiwiko, na wewe utangulie nusu hatua, mwili wako ukishuka ngazi yeye anasikia mapema kupitia mkono, ukikata kona anasikia pia. Mkifika pembamba peleka mkono wako nyuma ya mgongo wako na yeye atajua aje nyuma yako. Kwenye daladala usikubali konda ambebe juu juu, mchukulie mkono wake uuweke kwenye chuma cha mlango, mwambie ngazi iko juu au chini, atapanda mwenyewe. Kwenye bajaji weka mkono wake mmoja kwenye paa ili ajue kichwa kinapita wapi, mwingine kwenye siti.

Na watoto jamani. Wajukuu wanapenda kumvizia bibi wamtekenye kwa sababu anaruka vizuri, na yeye anacheka, kwa hiyo wazazi mnaona raha. Kicheko cha kutekenywa kinatoka chenyewe, hakina maana kwamba mtu anafurahia, mtu anaweza kucheka huku anatamani akuchape. Weka sheria, bibi akisema "basi" ni basi mara moja, na kuvizia hakuna, anayetaka kucheza na bibi aseme "bibi nakuja". Sheria hiyohiyo mtumie mtoto asiyeona, tena kwake ni muhimu zaidi maana anajifunza kwamba mwili wake una mwenyewe.

Haya, milango mingine ya fahamu. Ile habari kwamba Mungu akichukua macho anaongeza masikio na pua palepale, mimi siipendi, inafanya ndugu wakae wasubiri muujiza badala ya kumpa mtu mazoezi. Kuna watafiti wa chuo kikuu cha McMaster, Canada, walipima mguso wa wasioona na wanaoona, mwaka 2011 wakatoa majibu, vidoleni wasioona walikuwa wakali zaidi, ila midomoni walikuwa sawa na wenzao. Kama ngozi ingekuwa inaongezewa nguvu na upofu basi na midomo ingeongezeka. Vidole vimekuwa hodari kwa sababu vinafanyishwa kazi, na hasa kwa wanaosoma nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole. Tena kazi ikiwa nyingi ubongo unahamisha mipaka, sehemu ya kisogoni ambayo kwa mwenye macho inashughulika na kuona, kwa msomaji wa nukta nundu inaingia kwenye kusoma kwa vidole, Norihiro Sadato na wenzake walilionesha mwaka 1996. Na kuna mama mmoja asiyeona tangu kuzaliwa, msomaji mzuri kabisa, alipata kiharusi kilichopiga kisogoni pande zote mbili, nukta akawa anazigusa anasikia zipo lakini kuzisoma hawezi tena. Kisa kiliandikwa mwaka 2000 na mimi huwa nakirudia sana kwa watu wanaodhani vidole vinafanya kazi peke yao.

Kwa hiyo fanyisha vidole kazi. Anza jikoni, chukua mchele, maharage, dagaa wakavu, unga wa mahindi na wa muhogo, kila kimoja kwenye bakuli, agusie taratibu ataje. Chumvi na sukari weka kwenye makopo yenye maumbo tofauti, usitegemee kuonja. Pesa fundisha hivi, noti zetu zinapishana ukubwa, ya elfu kumi ni ndefu kuliko ya elfu moja, apime kwa kulinganisha na noti aliyoizoea halafu kila aina aikunje kwa mkunjo wake, moja haikunjwi, nyingine mara moja, nyingine kwa urefu. Baada ya hapo hata akienda soko la Mwanga hawamchezei. Jiko la mkaa aliendee kwa mgongo wa mkono kutokea mbali, joto litamwambia. Ukimpikia, mwambie kila kitu kiko upande gani wa sahani na usihamishehamishe vitu ndani ya nyumba, stuli ikihama iseme.

Masikio ndo yana utajiri mkubwa. Mfundishe kumimina chai kwa kusikiliza, kikombe kinavyojaa mlio unapanda kuwa mwembamba, na mwanzoni aweke kidole ukingoni (chai ya uvuguvugu tafadhali). Halafu kuna kusikiliza mwangwi. Daniel Kish wa Marekani alitolewa macho yote akiwa mtoto mchanga kwa ajili ya kansa, anagonga ulimi na kusikiliza sauti inavyorudi, na anaendesha baiskeli. Msiseme huyo kaanza utotoni, maana mwaka 2021 watafiti wa Durham, Uingereza, walitoa majibu ya watu waliofundishwa wiki 10 tu, wasioona na wanaoona, wenye miaka 21 mpaka 79, na wote wakajifunza. Jaribuni nyumbani, akae mahali patulivu, agonge ulimi, wewe sogeza sinia mbele ya uso wake kisha liondoe, aseme lipo au halipo. Akishaweza hilo ahamie ukutani, halafu mlangoni kutafuta uwazi. Fimbo nyeupe inabaki mkononi lakini, mwangwi haukuoneshi shimo.

Ila masikio yanahitaji ukimya, na nyumba zetu hazina huo ukimya. Redio juu, tivii juu, jirani na muziki wake, hapo mtu asiyeona hajui nani kaingia na mtoto yuko wapi, ndo maana anashtuka hata ukimgusa kwa upole. Punguza sauti kwanza halafu ndo umsemeshe. Mvua ikipiga bati ndo kabisa, masikio yanafungwa, acha atulie alipo na ukimfuata gonga sakafu kwa mguu, mtikisiko utatangulia.

Pua sitaikalia sana. Tafiti zikikusanywa pamoja hazioneshi wasioona wananusa kuliko wengine, wanazingatia tu. Itumie kama alama, dagaa wa Kibirizi, mawese yanayochemshwa, duka la kahawa, lakini upepo wa ziwa ukigeuka alama inahama, kwa hiyo asiitegemee peke yake. Nyayo ni za kuaminika zaidi, mteremko wa kutoka Mwanga kushuka stesheni mguu unaujua, lami kuisha na vumbi kuanza mguu unaujua.

Na kwa habari ya nyayo, kama macho yalipotea kwa kisukari sikiliza hapa vizuri. Kisukari kinaua pia mishipa ya fahamu miguuni, na mtu huyu haoni kidonda na hakisikii. Angalia miguu yake wewe kila siku, katikati ya vidole na chini ya kisigino, asitembee peku hata ndani, na maji ya kuoga ayapime kwa kiwiko au uyapime wewe, asipime kwa mguu. Kama zamani ukimpitisha kidole unyayoni alikuwa anavuta mguu na kucheka, sasa anauliza "umeshaanza?", usifurahi kwamba mtekenyo umemwisha, mpeleke hospitali ya Maweni au kituo kilicho karibu wampime miguu wiki hiyohiyo.